SOMO LA IDD: TUIANDAE SIKUKUU KWA MIKONO YETU, NA MAMA NAYE APATE IDD

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Siku chache baada ya Idd moja iliyopita, niliwapa wanafunzi wa darasa langu kazi ndogo ya kuandika: elezeni Idd ilivyokuwa nyumbani kwenu. Wengi waliandika ukurasa mzima. Waliandika habari za nguo mpya, za mkono wa Idd waliopewa na ami na shangazi zao, na za pilau. Mwanafunzi mmoja aliandika sentensi tatu tu. Alisema kuwa walikula vizuri, kuwa alivaa kanzu mpya, na kuwa mama yake alikuwa jikoni, hakumuona mpaka jioni.

Nilipomaliza kusahihisha nikawauliza darasani: nani kati yenu mama yake alisikiliza khutba ya Idd? Mikono iliyonyanyuka ilikuwa michache. Nikauliza tena: nani mama yake alipata kukesha kwa ibada katika zile siku kumi za mwisho, bila ya kukatishwa na cherehani, ndoo ya rangi au karai la mafuta? Hapo ikawa michache zaidi.

Kwa hiyo mwaka huu nimeona somo letu liwe hili: namna ya kuiandaa sikukuu nyumbani, mapambo yake na karamu yake, kwa gharama ndogo, kwa mikono yetu wenyewe na kwa mpango, ili kila aliye chini ya paa la nyumba yetu apate ibada yake na furaha yake. Insha Allah tutaligawa somo letu katika sehemu saba.

1. IDD NI NINI KWETU?

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wa huko wana siku mbili ambazo wakicheza na kufurahi tangu zama za ujinga. Akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili hizo kwa nyingine zilizo bora zaidi, nazo ni Idd el-Adhha na Idd el-Fitr. Hadithi hii ameipokea Abu Daud.

Tunajifunza hapa mambo mawili. La kwanza, furaha ya Idd ni sehemu ya dini yetu. La pili, Idd zetu zote mbili zimefungamana na ibada kubwa: ya kwanza inafuatia saumu ya Ramadhani, iliyofaradhishwa katika mwaka wa 2 wa Hijra, na ya pili imo ndani ya siku za Hija.

Bibi Aisha (R.A.) naye amesimulia kuwa siku ya Idd wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwake. Abubakar (R.A.) alipoingia akawakemea. Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwa sababu kila watu wana Idd yao, na hii ndiyo Idd yetu. Wameipokea Bukhari na Muslim. Basi mzee anayewanyamazisha watoto wake siku ya Idd kana kwamba furaha ni dhambi, na aikumbuke hadithi hii.

Je, wanawake wana fungu gani katika Idd? Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia kuwa waliamrishwa kuwatoa wanawake siku ya Idd, wakubwa na wasichana, hata walio katika hedhi, ili wahudhurie kheri na dua ya Waislamu. Walio katika hedhi hujitenga tu na mahali pa kuswalia. Akaulizwa Mtume (S.A.W.) juu ya asiye na jilbabu ya kutokea, akasema mwenzake amvishe katika jilbabu yake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Tazameni jinsi jambo lilivyotiliwa mkazo: hata ukosefu wa nguo haukukubaliwa kuwa udhuru. Sasa mama akikosa Idd kwa sababu ya sufuria, tutajibu nini?

2. PAMBO NA MIPAKA YAKE

Wapo wanaouliza: kupamba nyumba siku ya Idd kunafaa? Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao kila wanapokwenda kuswali, wale na wanywe, lakini wasifanye israfu. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kama alivyopokea Muslim. Kupamba nyumba ni ada, si ibada. Hakuna thawabu maalumu ya kutundika karatasi ukutani, wala asiyetundika hana lawama. Ada huruhusiwa maadamu haikuingia ndani yake jambo lililokatazwa. Basi tuichunge mipaka hii minne.

(a) Picha na masanamu. Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha za viumbe. Mtume (S.A.W.) aliporudi safari na kuliona, uso wake ulibadilika, akaliondoa. Bibi Aisha (R.A.) akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Kwa hiyo tuchague maua, majani, nyota, mwezi na nakshi. Na tuzingatie jambo la pili katika kisa hiki: kitambaa hakikutupwa, kilipatiwa kazi nyingine.

(b) Israfu. Katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani. Pambo linalonunuliwa kwa mkopo, likatupwa jalalani siku ya tatu, limo katika ubadhirifu.

(c) Alama za dini nyingine. Majirani zetu Wakristo wana mti wao wanaoupamba katika sikukuu yao. Tunawaheshimu na tunaishi nao kwa wema, lakini sisi tuna alama zetu na hatuna haja ya kuazima.

(d) Heshima ya majina ya Mwenyezi Mungu. Tusichane kurasa za juzuu kuukuu wala daftari za madrasa zenye aya tukazifanya mapambo. Tusiandike Bismillahi wala jina la Mwenyezi Mungu juu ya keki, kitambaa cha meza au karatasi itakayoanguka na kukanyagwa.

3. MPANGO WA SIKU

Nyumba nyingi huanza kuhangaika katika kumi la mwisho, na humo ndimo tulimoambiwa tuutafute usiku wa Laylatul Qadr, uliotajwa na Qur'ani kuwa ni bora kuliko miezi elfu. Mtume (S.A.W.) likiingia kumi hilo alikuwa akikesha na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Basi kanuni yetu ni moja: kazi zote nzito ziwe zimekwisha kabla ya usiku wa 21.

Mwezi wa Shaabani: Nguo zikatwe na zishonwe. Fundi huwa na nafasi, na bei huwa haijapanda. Nguo ya mwaka jana ikiwa bado inatosha, ifuliwe, ipigwe pasi na iwekwe. Sunna ni kuvaa nguo nzuri uliyonayo, wala si lazima iwe mpya.

Ramadhani 1 hadi 10: Baba, mama na watoto wakae kikao kimoja baada ya futari. Daftari liwepo. Iandikwe nani atafanya nini, na fedha zilizopo zigawanywe mafungu. Fungu la kwanza ni Zakatul Fitr. La pili ni chakula. La tatu ni nguo za asiyekuwa nayo, awe wa nyumbani au wa jirani. Mapambo yawe la mwisho na dogo kuliko yote.

Ramadhani 11 hadi 20: Usafi mkubwa wa nyumba, yaani buibui darini, mapazia, makochi, mikeka na ua. Watoto watengeneze mapambo baada ya madrasa.

Ramadhani 21 hadi 29: Ibada. Kazi iliyobaki ni moja tu, kutoa Zakatul Fitr. Kiwango chake ni pishi moja ya chakula kinacholiwa zaidi mahali petu, kiasi cha kilo 2 na nusu hadi 3, kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo. Ibn Umar (R.A.) na wenzake walikuwa wakiitoa siku moja au mbili kabla ya Idd. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kuwa inayotolewa kabla ya swala ndiyo zaka iliyokubaliwa, na inayotolewa baada yake ni sadaka kama sadaka nyingine. Familia ya watu 7 itahitaji kiasi cha kilo 18 hadi 21 za mchele au unga. Si kitu cha kutafutwa usiku wa Idd dukani.

Usiku wa Idd: Ukiandama mwezi, takbira zianze tangu Magharibi na ziendelee mpaka imamu aingie katika swala. Katika muda huo vijana watundike mapambo, wasichana wapakane hina, na baba amenye vitunguu na viazi. Ndiyo, baba! Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali.

Asubuhi ya Idd: Kuoga, kujitia manukato kwa wanaume, na kula tende kwa idadi ya witri kabla ya kutoka. Nyumba nzima itoke kwenda kuswali, na kurudi kwa njia nyingine kama alivyofanya Mtume (S.A.W.). Kifungua kinywa kiwe ni vitu vikavu vilivyokwisha kuandaliwa, na chai iliyokwisha kuwekwa kwenye chupa. Chungu cha mchana kitapanda motoni baada ya swala.

4. MAPAMBO YA KUTENGENEZA

Vinavyohitajika: mkasi, rula, penseli, karatasi za rangi au karatasi nyeupe mlizozipaka rangi, maboksi matupu, uzi na gundi.

Gundi ya uji. Changanya vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano na kikombe 1 cha maji baridi. Koroga mpaka mabonge yaishe, weka kwenye moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito. Ukipoa tumia. Hukaa siku moja au mbili tu, basi pika kidogo kidogo.

Vibendera vya uzi. Chukua karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Kata miraba ya sentimita 9 na nusu, utapata 6. Kila mraba ukunje kutoka pembe hadi pembe uwe pembetatu, uuvishe kwenye uzi pale ulipokunjwa, kisha uugandishe. Acha nafasi ya sentimita 5 baina ya kibendera na kibendera. Chumba cha mita 4 kinataka vibendera 22, yaani karatasi 4 tu.

Nyota ya pembe nane. Kata miraba miwili iliyo sawa. Ugandishe mmoja juu ya mwingine, wa juu ukiwa umegeuzwa nusu ya pembe, na nyota imekamilika. Mwanafunzi wa madrasa anaijua nyota hii, kwani katika misahafu mingi ndiyo alama ya robo ya hizbu. Msahafu una hizbu 60, na kila hizbu ina robo 4, jumla robo 240. Ndugu wadogo wanapozikata, waulizwe: robo ya kwanza inaishia wapi? Pambo likawa pia somo.

Mwezi mwandamo. Weka sahani kubwa juu ya boksi na uizungushie penseli. Kisha weka sahani ndogo ndani ya duara hilo, itokeze nje kidogo upande mmoja ili pembe za mwezi zifunguke, na uizungushie tena. Kata, pamba kwa karatasi inayong'aa ya ndani ya paketi ya majani ya chai, na tundika mlangoni.

Taa ya kopo. Chukua kopo tupu la maziwa, lijaze mchanga uliolowana na uushindilie ili kopo lisibonyee. Chora nakshi kwa kalamu, kisha mkubwa atoboe matundu kwa msumari na nyundo. Mwaga mchanga, osha, na ndani yake weka tochi ndogo. Waislamu wa Misri wana fanusi zao mashuhuri za Ramadhani, nasi tutakuwa na za kwetu. Tusitie mshumaa kwenye kopo lililo karibu na karatasi au pazia. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuzima moto tunapolala, na akautaja moto kuwa ni adui yetu. Hukumu hiyo hiyo ni ya chetezo cha udi na ubani: kiwekwe mahali pasipofikiwa na watoto, na makaa yazimwe kwa maji. Fataki na baruti ziachwe kabisa.

Mapambo yasiyo na gharama. Sisi wa pwani tumejaaliwa. Asumini na mrehani katika sahani ya maji hunukisha chumba kizima. Mkeka wa ukindu wa rangi ni pambo tosha la sebule. Kanga mpya mbili zikitandikwa juu ya meza hung'arisha nyumba, na kesho yake huvaliwa. Kuti bichi la mnazi likisukwa hupamba mlango. Ndugu zetu wa Indonesia na Malaysia nao hutumia ukuti kwa Idd: husuka vifuko vidogo, wakatia mchele na kuupika humo humo.

Tukumbuke pia kuwa miaka yetu hufuata mwezi, na Idd hurudi nyuma kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya jua. Idd moja huangukia kiangazi, nyingine baada ya miaka huangukia masika. Ikiwa ni wakati wa mvua, mapambo ya karatasi yakae ndani na nje tutumie kuti na maua.

5. VITAFUNIO VYA KUANDAA MAPEMA

Siri ya kumtoa mama jikoni asubuhi ya Idd ni vitafunio vikavu. Visheti, vileja na kashata vikihifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Tuchukue kashata za nazi, kwa sababu hazihitaji tanuri.

Vipimo: nazi 2 kubwa zilizokunwa, sukari nusu kilo, maji nusu kikombe, iliki kijiko 1 cha chai iliyosagwa, na chumvi chembe tu.

Namna ya kupika: Paka sinia samli na uiweke tayari. Weka sukari na maji katika sufuria, chemsha mpaka shira iwe nzito na inate ukiigusisha baina ya vijiko viwili. Tia nazi, iliki na chumvi. Koroga bila kuacha mpaka ikauke na ianze kujiachia pembeni mwa sufuria. Mimina kwenye sinia, sawazisha, na ukate vipande kabla haijapoa. Sinia ya sentimita 24 kwa 32, ukikata vipande vya sentimita 4, itatoa vipande 48. Shira ya moto huunguza vibaya kuliko maji, kwa hiyo asiisogelee mtoto peke yake.

Kashata zipikwe siku mbili au tatu kabla ya Idd, mchana, na mtoto mkubwa awe msaidizi. Kazi haizidi saa moja.

6. KARAMU YA WATOTO BAADA YA ALASIRI

Badala ya kuwaacha watoto watangetange barabarani na fedha zao mpaka usiku, nyumba mbili tatu za mtaa zinaweza kushirikiana kuwafanyia karamu uani. Tuseme ni watoto 20.

Mahali: mikeka 3 au 4 chini ya kivuli, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na vibendera juu.

Chakula: sinia 4, watoto 5 kwa kila sinia. Pilau ya watu 20 hutaka mchele kilo 2 na nusu, nyama kilo 2, viazi kilo 1 na nusu na vitunguu robo tatu. Juisi ya ukwaju au ya embe lita 5 itampa kila mtoto gilasi moja. Kashata zetu 48, kila mtoto apewe 2, zitabaki 8 za kumpelekea jirani.

Ratiba: kisomo cha Qur'ani, dua, qasida, kisha chemshabongo. Maswali yawe mepesi na ya kufurahisha: Mtume (S.A.W.) alikula nini kabla ya kutoka kwenda swala ya Idd? Kwa nini alirudi kwa njia nyingine, wanavyuoni wamesema nini? Halafu michezo: kuvuta kamba, nage, mbio za magunia. Magharibi haijaingia, kila mtu aokote taka, na mapambo yakunjwe na kuwekwa ndani ya boksi kwa ajili ya Idd ijayo.

Waalikwa: hapa ndipo penye mtihani. Orodha ikiandikwa, jina la kwanza liwe la mtoto aliye yatima au ambaye wazazi wake hawana kitu mwaka huu. Aalikwe kama wengine, kwa maneno yale yale, wala asiitwe mbele za watu kupewa nguo. Nguo ipelekwe kwao mapema, usiku, mkononi mwa mama yake, ili siku ya karamu aje akiwa amependeza kama wenzake na hakuna ajuaye. Waalikwe pia bibi na babu wa mtaa wanaoishi peke yao. Na jirani asiye Mwislamu apelekewe sahani yake, kwani Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharri (R.A.) kuwa akipika mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani zake.

Mkono wa Idd nao ni ada nzuri, lakini usiwe mashindano. Mtoto afundishwe kushukuru kidogo kama anavyoshukuru kingi, na atoe sadaka sehemu yake.

7. NA IDD EL-ADHHA?

Mambo mengi ni yale yale, ila yapo ya kutofautisha. Siku hii sunna ni kutokula mpaka baada ya swala. Kuchinja ni baada ya swala, na aliyechinja kabla hana udh-hiya, hiyo ni nyama tu. Katika Suratul Hajj, aya ya 37, tumefundishwa kuwa nyama na damu havimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wetu.

Mpango wa siku hii ni wa ugawaji. Orodha ya nyumba za kupelekewa iandikwe siku moja kabla, na vijana wa kupeleka wajulikane. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania Bara tangu mwaka 2019, basi tutumie vikapu, mapakacha na majani ya mgomba. Damu na taka zifukiwe, ili sikukuu yetu isiwe udhia kwa mtaa.

HITIMISHO

Ndugu zangu wanafunzi, huenda mkasema kuwa nyinyi ni watoto, hamuwezi kubadilisha mambo ya nyumba. Mnaweza. Baba akiona watoto wamekaa na daftari siku ya tano ya Ramadhani, wamepanga kazi na wamejiandikia majina yao mbele ya kufagia, kuosha vyombo na kuteka maji, hataona vibaya kukaa nao. Mama akiambiwa usiku wa Idd, "Mama, vyombo tutaosha sisi, wewe weka nguo zako tayari, kesho tunakwenda kuswali pamoja," hiyo itakuwa zawadi kubwa kuliko kitenge.

Yule mwanafunzi wa sentensi tatu niliongea naye. Mwaka uliofuata aliandika nusu ukurasa. Hakutaja nguo wala pilau. Aliandika kuwa alibeba mkeka wa mama yake mpaka uwanjani, na kuwa waliporudi, mama alikunywa chai akiwa amekaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, swala zetu na sadaka zetu, atulipie wazazi wetu kwa taabu yao, na atufikishe Idd nyingine tukiwa na afya na imani. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja siku mbili ambazo Mwenyezi Mungu amewabadilishia watu wa Madina.
2. Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia nini juu ya wanawake na swala ya Idd?
3. Taja mipaka minne ya mapambo, na utoe mfano wa kila mmoja.
4. Nyumba ina watu 9. Wakitoa kilo 2 na nusu kwa kila mtu, Zakatul Fitr yao ni kilo ngapi?
5. Chumba kina urefu wa mita 6. Kwa vipimo vya somo hili, utahitaji vibendera vingapi na karatasi ngapi za A4?
6. Kwa nini kazi nzito zimalizike kabla ya usiku wa 21?
7. Kuna tofauti gani ya kula baina ya asubuhi ya Idd el-Fitr na ya Idd el-Adhha?

KAZI YA NYUMBANI: Muulize mama au bibi yako, ni kazi gani ya Idd inayomchosha kuliko zote. Iandike katika daftari lako, na mbele yake andika jina la atakayeifanya mwaka huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.